Barua kwa Mwalimu: Watoto wanaoogopa usiku

Tangu niandike kuhusu watoto wanaochelewa kulala, barua nyingi zinazonifikia zinauliza habari ya hofu. Mtoto amecheza mchana kutwa bila kuogopa kitu, lakini jua likishazama anang'ang'ania nguo ya mama yake. Maisha yangu yote ya kazi nimefundisha watoto wa chekechea, na chumba ninachokifahamu kuliko vyote ni kile cha kulala mchana, mapazia yakiwa yamefungwa. Humo ndimo nilimojifunza kwamba mtoto mwenye hofu anahitaji maelezo kidogo na kazi ya kufanya zaidi. Barua za leo nimezifupisha, na majina nimeyaondoa.

*

*Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa kiume ana miaka 4. Siku hizi anasema kuna zimwi nyuma ya mlango wa chumba chake. Kila usiku nachungulia chini ya kitanda, nafungua kabati, kisha napiga mlango kwa fimbo nikilifukuza. Mwanzoni alitulia. Sasa nikimaliza kabati anataka niangalie na dirisha, halafu nianze upya, na saa nne usiku inatukuta bado tunakagua. Baba yake anasema namdekeza, mtoto wa kiume azimiwe taa alie mpaka azoee. Nani yuko sahihi?*

Marahaba, mwanangu. Wote wawili mnataka mtoto alale, kwa hiyo sitawagombanisha zaidi. Lakini taa isizimwe kwa kukomoa. Mtoto aliyeachwa gizani analia mpaka anachoka, ndiyo, na kisha analala. Ila analala na hofu ile ile, pamoja na habari mpya kwamba akiita haji mtu.

Fimbo nayo iache. Mtu mzima hapigi hewa. Mama akichukua fimbo na kulifukuza zimwi, mtoto anapata uhakika kwamba zimwi lipo na mama amelijua lilipo. Ndiyo maana ukaguzi umetoka kwenye kitanda ukafika kabatini, ukatoka kabatini ukafika dirishani, na usipoukatisha utapanda darini. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi zile chupa za maji ambazo wazazi huambiwa wampulizie mtoto chumbani kama dawa ya kuua mazimwi. Wapo watoto wanaolala vizuri nazo, sikatai, lakini chupa ikiisha usiku wa manane, utamwambia nini?

Miaka 3 hadi 6 ndiyo miaka ya mazimwi. Akili ya mtoto imeanza kuumba picha za vitu ambavyo havipo mbele yake, na huo ni uwezo mkubwa, ndio unaomwezesha kupanda juu ya boksi tupu na kuliendesha kama basi. Ila bado hawezi kuichuja picha hiyo na kujiambia, "Hii nimeitunga mwenyewe." Mtoto mdogo kuliko wako, wa mwaka mmoja na nusu, hana habari na zimwi, huyo anaogopa kuachwa. Wa miaka 8 anaogopa mwizi, moto, kifo. Wako yuko mahali ambapo watoto wa umri wake hupita.

Sasa fanya hivi kabla ya jambo lingine lolote. Jioni moja lala naye kitandani, kichwa chako kando ya chake, zima taa, na uangalie kile anachokiangalia yeye. Jicho la binadamu huchukua kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza kikamilifu, na zile chembe za jicho zinazofanya kazi gizani hazitambui rangi, wala hazioni umbo barabara. Koti lililotundikwa nyuma ya mlango lina mabega na mikono miwili, na halina kichwa. Upepo ukisukuma pazia, mwanga wa nje unapita juu yake na koti linajongea. Sikiliza pia. Usiku nyumba inapopoa, paa na mbao hunywea na kutoa milio ambayo mchana ipo lakini inamezwa na kelele za watu. Mtoto wako hatungi uongo. Anaona kitu, anasikia kitu, na anakipa jina alilo nalo.

Nilikuwa na mtoto darasani ambaye mapazia yakifungwa tu aliketi wima kwenye mkeka, macho yameganda kwenye kona moja. Nilijilaza pale pale alipokuwa, nikaona: ilikuwa aproni yangu, imening'inia kwenye msumari, mishipi yake miwili inachezacheza. Sikumwambia kwamba ile ni aproni tu. Nilimpa kazi. Tangu hapo, kila siku kabla ya kulala, yeye ndiye aliyeishusha, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye droo na kuisukuma droo mpaka ilie "tap". Muda si mrefu akawa ndiye anayepita kwa wenzake akiwanong'oneza walale, aproni ameshaifungia.

Hapo ndipo ninapotaka uelekee: umtoe mtoto kwenye nafasi ya kulindwa tu, umpe jambo lililo mikononi mwake. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani, Frederick Kanfer na wenzake, waliwafundisha watoto wa miaka 5 na 6 waliokuwa wakiogopa giza maneno ya kujisemea wakiwa kwenye chumba cha giza. Kundi moja lilisema maneno yenye maana ya "Mimi ni mtoto jasiri, gizani naweza kujiangalia mwenyewe." Kundi la pili lilisema kwamba giza ni mahali pazuri pa kuwa. La tatu lilikariri maneno ya wimbo wa kitoto usiohusu jambo lolote. Waliovumilia giza muda mrefu kuliko wote ni wale wa kundi la kwanza. Kulisifia giza hakukuwasaidia kama kujiamini wenyewe. Kwa hiyo ukimwambia mwanao kila usiku "giza zuri, giza halina kitu", unamzungumzia giza. Mzungumzie yeye.

Baba naye ana kazi hapa, na ni kubwa, kwa sababu neno "jasiri" mtoto wa kiume hulitafuta kwanza kwa baba. Azoeshwe giza, naam, hapo mume wako ana hoja, lakini azoeshwe kidogo kidogo na akiwa na furaha. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones aliandika habari za mtoto anayeitwa Peter, hajafikisha hata miaka 3, aliyekuwa akiogopa sungura, manyoya, hata pamba. Sungura aliletwa ndani ya kizimba, mbali, Peter akiwa anakula chakula anachokipenda, kisha siku baada ya siku akasogezwa, mpaka mtoto akamwachia sungura amtafunetafune vidole. Giza nalo lisogezwe hivyo. Saa za jioni, kabla ya wakati wa kulala, baba azime taa ya chumba na wawili hao watafute kwa tochi vitu alivyovificha: kijiko, kofia, kiatu cha mama. Tochi aishike mtoto. Siku ya kwanza mlango uwe wazi na taa ya ukumbini inawaka. Siku nyingine mlango urudishwe nusu. Siku nyingine mtoto aingie peke yake achukue kofia huku baba akihesabu kwa sauti mlangoni. Akitaka kutoka atoke, asicheke mtu. Wapige pia vivuli vya mikono ukutani, ndege, mbwa, mamba, ili ajue kwamba kivuli kikubwa kinaweza kutoka kwenye mkono mdogo, mkono wake mwenyewe.

Ukaguzi wako ubaki mmoja, na mkaguzi awe yeye. Koti analitoa mwenyewe. Mlango wa kabati anaufunga mwenyewe. Akikwambia zimwi lipo, usimbishie na usikubaliane naye, mwambie, "Naona unaogopa. Mwili wako unakwenda mbio. Hapa uko salama, nami niko chumba cha pili. Tuseme ile sentensi yetu." Taa ndogo hafifu iwepo, yenye mwanga wa manjano au mwekundu, kwa sababu mwanga mkali mweupe unauchelewesha mwili kuingia usingizini, na iwekwe chini ili isitupe vivuli virefu ukutani. Kisha mwahidi kwamba utarudi kumchungulia baada ya dakika 2, na urudi. Halafu baada ya 5. Urudi hata kama amenyamaza kimya, hata kama unadhani amelala, maana siku utakayopuuza ndiyo siku atakayokuwa macho akikuhesabia.

*

*Mwalimu, salaam. Binti yetu ana miaka 5. Kama saa moja na nusu au mawili baada ya kulala anakurupuka na kupiga mayowe, macho yamefunguka, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio. Nikimshika ananisukuma kama hanijui. Baada ya dakika kumi hivi anajilaza na kuendelea kulala. Asubuhi hakumbuki lolote. Sisi ndio hatulali tena. Watu wanatuambia mengi, mengine yanatisha kuliko mayowe yenyewe. Tumwamshe? Tumpeleke wapi?*

Ndugu yangu, kwa jinsi ulivyoeleza, binti yako anaweweseka, na kuweweseka kwa namna hiyo kunajulikana vizuri na madaktari. Hakuna wa kumtoa kitu mwilini.

Usingizi huenda kwa vipindi. Katika theluthi ya kwanza ya usiku mtoto huzama kwenye usingizi mzito kuliko wote, na wapo watoto ambao wakianza kutoka humo, sehemu ya ubongo inaamka na sehemu nyingine inabaki imelala. Iliyoamka inapiga mayowe na kurusha mikono. Iliyolala ndiyo ambayo ingemtambua baba na kuweka kumbukumbu. Anapokusukuma hajakukataa, hajakuona. Ndoto ya kutisha ni jambo jingine. Hiyo huja zaidi nusu ya pili ya usiku, kuelekea alfajiri, na mtoto anaamka kabisa, anakutambua, anataka kubebwa na anaweza kukusimulia alichokiota. Huyo mkumbatie papo hapo, na kesho yake mchana mpe karatasi aichore ndoto kisha aibadilishe mwisho wake apendavyo: mbwa aliyemfukuza achorwe miguuni viatu vizito asiweze kukimbia. Mwisho mpya arudie kuusimulia kabla ya kulala.

Wako usimwamshe. Kumtikisa, kumwagia maji, kumwita jina kwa nguvu kunarefusha tu. Keti karibu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, zuia asifike dirishani au kwenye ngazi, sema naye kwa sauti ya chini, usubiri. Asubuhi msimhoji, na kaka na dada zake waonywe wasimwigizie. Mtoto anayesimuliwa kila asubuhi kwamba usiku aligeuka mtu mwingine ataanza kuogopa kulala, na hapo mtakuwa na matatizo mawili.

Angalieni saa zake za usingizi kabla ya kitu kingine. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku nzima, pamoja na usingizi wa mchana. Aliyeacha kulala mchana na bado analazwa usiku sana ana deni, na mwili wenye deni huzama kwa nguvu zaidi kwenye usingizi ule mzito. Mlazeni mapema kwa nusu saa, na apite chooni kwanza, kwa sababu kibofu kilichojaa nacho humsumbua mtoto katikati ya usingizi. Homa huchochea pia. Na jambo hili hutembea katika familia: muulize mama yako kama wewe nawe hukuwahi kutembea usingizini.

Kama yanatokea karibu kila usiku na kwa saa ile ile, andika saa hiyo kwa siku kadhaa. Kisha mguse kwa upole dakika 15 hadi 30 kabla haijafika, ageuke tu au agunegune, halafu umwache aendelee kulala. Fanyeni hivyo kwa wiki 2 hadi 4. Watoto wengi huacha, na wengi wa waliobaki huacha wenyewe wanapokua.

Daktari mwoneni mapema ikiwa mwili unakakamaa au unatetemeka kwa mapigo yanayofanana, ikiwa inatokea mara kadhaa katika usiku mmoja, au ikiwa anakoroma na pumzi inakatika kisha inarudi kwa kishindo. Mrekodini kwa simu. Dakika moja ya video humsaidia daktari kuliko nusu saa ya maelezo yetu wazazi tuliojawa na wasiwasi.

*

*Mwalimu, shikamoo. Mama mkwe ananisaidia kulea, na namshukuru sana. Lakini binti yangu wa miaka 3 asipolala, bibi yake anamwambia jitu litakuja limchukue. Mtoto sasa hataki hata kwenda chooni peke yake. Nitamwambiaje mama bila kumvunjia heshima?*

Marahaba. Usianze na neno "usimtishe". Atalisikia kama hukumu juu ya watoto wote aliowalea, akiwemo mume wako. Nenda kwake na ombi. Mwambie, "Mama, mjukuu wako anapenda sana hadithi zako. Naomba uwe unamhadithia jioni, ile ambayo mtoto mdogo analishinda jitu kwa akili." Bibi ana hadithi hizo tele, na huyo mtoto mjanja wa mwisho wa hadithi ndiye anayehitajiwa na binti yako. Iwe mapema, kabla ya kupanda kitandani. Kisha, wewe na mumeo mkiwa pamoja, mwambieni mtoto mbele ya bibi kwamba katika nyumba hii hakuna kinachomchukua mtoto, alale asilale. Lisemeni kwa sauti ya upole, bila kumtazama bibi.

*

*Mwalimu mwenzangu, mimi ni bibi ninayelea mjukuu wa miaka 6. Kila akilala anatoka: maji, choo, tumbo, kuna sauti, amesahau kuniambia kitu. Nashindwa kujua lini anaogopa kweli na lini ananichezea.*

Dada yangu, huenda naye hajui. Mtoto huanza na hofu ya kweli, akagundua kwamba hofu inamleta bibi, na baada ya hapo viwili hivyo vinashikana mikono. Huna haja ya kuvitenganisha.

Kata kipande cha karatasi ngumu, apake rangi mwenyewe, kiwe kibali chake cha usiku. Kibali kinamruhusu kutoka mara moja, au kukuita mara moja, kwa jambo lolote la muda mfupi: maji, kumbatio, choo. Akishakitumia anakukabidhi mpaka kesho. Akitoka tena, mrudishe kitandani kwa mkono, bila ugomvi na bila mazungumzo. Njia hii iliandikwa na watafiti wa Marekani mwaka 1999, walipowajaribia watoto wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miaka 10, na kulia na kutokatoka kwao kukakoma. Wanayojua walimu ni kwamba mtoto mwenye kibali mkononi mara nyingi hakitumii. Anakishika, anakiweka chini ya mto, anajiambia "bado ninacho", na usingizi unampitia. Wengine huongeza kwamba kibali kisichotumika kinabadilishwa asubuhi na kitu kidogo, kama kuchagua mchezo. Mimi naona inafaa kwa mwanzo.

Mpe pia mtu ambaye yeye ndiye atamtunza. Baada ya vita vya Israeli na Lebanoni vya mwaka 2006, watafiti wa Israeli wakiongozwa na Avi Sadeh waliwapa watoto wadogo mbwa wa kitambaa, wakawaambia kwamba mbwa huyu ana huzuni, yuko mbali na kwao, anahitaji rafiki wa kumkumbatia na kulala naye. Watoto waliomtunza walipungukiwa na mfadhaiko. Mdoli wowote atafaa. Mwambie mjukuu wako, "Huyu anaogopa usiku, naomba umsaidie," halafu asubuhi muulize mdoli amelalaje.

*

*Mwalimu, shikamoo. Babu yangu mzaa baba alifariki, naye alikuwa rafiki mkubwa wa mwanangu wa miaka 7. Siku ile tulimwambia babu amelala na hataamka tena. Sasa mwanangu anakataa kulala. Akisinzia anajitikisa. Ananiamsha na mimi usiku, ananivuta kope. Nadhani ana huzuni, ila sijui nianzie wapi.*

Marahaba, na poleni sana. Mwanao anafanya jambo la akili kabisa: ameambiwa kulala ndiko kulikomchukua babu, kwa hiyo anajizuia, na anahakikisha baba yake naye hachukuliwi. Neno lililotumika kwa huruma limemfikia kama lilivyo.

Kaeni mchana, mahali penye mwanga. Mwambie kwamba mlisema babu amelala kwa sababu mlikuwa na uchungu, na sasa unataka ajue sawasawa: babu amekufa. Mwili wake ulizeeka au uliugua, moyo ukaacha kupiga, mapafu yakaacha kuvuta pumzi, na mwili uliokufa hausikii maumivu wala baridi. Taja ugonjwa kama ulikuwepo, ueleze kwamba mafua na tumbo la kawaida si ugonjwa ule. Yale ya imani yenu mwambieni pia, lakini baada ya haya, yasikae badala yake.

Kisha mwonyeshe kwa mkono wake. Mdogo wake au mama yake akiwa amelala, mlete taratibu, uuweke mkono wake kifuani mwa aliyelala. Ausikie ukipanda na kushuka. Ahesabu pumzi 10. Aweke vidole viwili shingoni, asikie mshipa unavyogonga. Mwambie kwamba mwili ukilala kazi zote za ndani zinaendelea, unakua, unajirekebisha, unasubiri asubuhi. Kwa mtoto wa miaka 7 hii ni habari anayoweza kuihakiki mwenyewe, na usiku akija kukuvuta kope mruhusu aweke mkono kifuani mwako badala yake, halafu arudi. Atakuuliza kama wewe nawe utakufa. Usiahidi kwamba hutakufa kamwe. Sema unatarajia kuishi mpaka yeye awe mtu mzima, na umtajie kwa majina watu wengine wanaompenda na ambao wangemtunza.

Akiendelea kukataa usingizi kwa wiki nyingi, au mchana ameacha kucheza, kula au kusoma kama zamani, tafuteni mshauri wa watoto.

*

*Mwalimu, naandika kwa wasiwasi. Binti yangu wa miaka 6 hakuwahi kuogopa giza. Tangu likizo, alipokaa kwa ndugu yetu mmoja, anakojoa kitandani, analala na nguo zote, na tukitaja kurudi kule analia mpaka anatapika. Mume wangu anasema ni hofu za kitoto zitapita.*

Mwanangu, nimeisoma barua yako kabla ya nyingine zote na nimeshakujibu kwa faragha. Ninayaandika hapa kwa ajili ya mzazi mwingine.

Hofu ya umri huja taratibu, huhama kutoka kitu hadi kitu, na hupoa mtoto akiwa na mtu wake. Hofu iliyozuka ghafla, ikashikamana na mtu mmoja au nyumba moja, na ikaja na kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekuwa ameshaacha, ichukuliwe kwa uzito. Inaweza kuwa alipigwa, alitishwa, aliona kitu kisichofaa, au aliguswa. Inaweza pia kuwa jambo dogo. Hatuwezi kujua kwa kukisia, wala hatusubiri ipite.

Asirudi kule, na asilazimishwe kumsalimia au kumkumbatia mtu huyo. Usimhoji kwa maswali yanayomwekea majibu mdomoni, kama "fulani alikufanya hivi?" Keti naye mkifanya kazi ya mikono, kuchora au kukunja nguo, umwambie, "Naona hupendi kurudi kule. Unaweza kuniambia chochote, sitakukasirikia." Akisema, msikilize mpaka mwisho, usishtuke mbele yake, mwambie unamwamini na kwamba kosa si lake, kisha andika maneno yake kama alivyoyasema. Usimkabili mtu huyo mwenyewe. Ukihisi ameguswa au ameumizwa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, usimwogeshe wala kufua nguo zake kwanza, na toa taarifa polisi au ustawi wa jamii. Asiposema lolote, mwone daktari hata hivyo, kwa sababu kukojoa kitandani kulikorudi ghafla kunaweza kutokana na ugonjwa wa njia ya mkojo, na daktari atajua pia namna ya kumuuliza.

Hata kama baba yake bado hajashawishika, usimngoje. Binti alale chumbani kwako kuanzia usiku wa leo.